Matairi na rimu za krola ya rimoti: kuchagua, kufunga na kurekebisha

Wanaokwea miamba kwa magari makubwa kule Moab, jimboni Utah, au kwenye njia ya Rubicon huko California, wakifika mwanzo wa mawe hushuka kwanza na kutoa upepo kwenye matairi. Tairi lenye upepo kidogo hulala, hutandaa na kufuata umbo la jiwe. Krola ya rimoti, yaani gari dogo la kuchezea lililoundwa kukwea mawe polepole, haina upepo wa kutoa. Tairi lake au rimu yake ina tundu, hewa inaingia na kutoka ipendavyo, na kinachobeba gari ni pete ya sponji iliyomo ndani. Sponji ndiyo presha yako. Anayenunua matairi ya bei mbaya akaacha sponji yoyote iliyokuja nayo amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu inayokula hela.

Hapa nazungumzia zaidi krola za kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari la kweli, jamii ya SCX10 ya Axial na TRX-4 ya Traxxas, kwa sababu ndizo nyingi na vipuri vyake vinaingiliana. Mwenye krola ndogo ya 1/24 atafaidika na mengi ya haya, ila vipimo vyake ni vingine.

Jua ulicho nacho kabla ya kuagiza

Namba 1.9 au 2.2 unayoiona kwenye tangazo la tairi ni kipenyo cha rimu kwa inchi, pale mdomo wa tairi unapokaa. Si kimo cha tairi. Rimu ya 1.9 ina kama milimita 48, ya 2.2 kama 56, na tairi la moja haliwezi kulazimishwa kwenye nyingine. Kimo cha tairi huandikwa peke yake, kwa inchi au milimita. Matairi ya rimu ya 1.9 huanzia karibu milimita 100 na kupita 120. Watu wengi huagiza kwa kusoma 1.9 tu, kisha kifurushi kinafika baada ya wiki kadhaa na tairi linagonga madigadi hata kabla gari halijatembea.

Kitu cha pili ni heksi, kile kipande chenye pembe sita ambacho rimu hukaa juu yake. Kwenye krola nyingi za 1/10 ni milimita 12, ukipima ubapa hadi ubapa, na nati ni ya M4 inayofunguliwa kwa spana ya 7. SCX24, krola ndogo ya 1/24 ya Axial, ina heksi ya milimita 7 na rimu ya inchi 1.0. Toa gurudumu moja, pima mwenyewe kwa rula, andika. Ukiwa hapo angalia pia kipini kinachopita kwenye ekseli nyuma ya heksi. Kipini hicho kinadondoka kimyakimya ukitoa heksi, na bila hicho gurudumu linazunguka bure.

Kutoa tairi lililogandishwa

Magari mengi yanayouzwa yakiwa tayari kuchezwa huja na matairi yaliyopigwa supagluu kwenye rimu za plastiki. Ukitaka kubadilisha sponji au kuongeza uzito, lazima yatoke. Njia mbili zinafanya kazi.

Ya kwanza ni maji ya moto. Chemsha maji kwenye sufuria ambayo hutaipikia tena, tumbukiza gurudumu, liache likichemka dakika kumi na tano hivi. Supagluu hulegea kwenye joto hilo. Litoe kwa koleo, vaa glavu, ingiza bisibisi bapa isiyo kali kati ya mdomo wa tairi na rimu, zunguka taratibu. Likipoa kabla hujamaliza, rudisha sufuriani, usije ukachana mpira. Rimu nyingi za nailoni huvumilia, ila usiache plastiki ikalalia chini ya sufuria ambako moto ni mkali zaidi. Weka kitambaa chini.

Ya pili ni asitoni. Mimina kwenye kopo la bati lenye kifuniko, laza gurudumu humo, geuza upande baada ya saa kadhaa. Gundi itayeyuka. Mpira huvimba kidogo na kurudi ukikauka, lakini asitoni inaharibu aina fulani za plastiki, na rangi ya fedha inayong'aa kwenye rimu za urembo ndiyo ya kwanza kuondoka. Jaribu kwanza nyuma ya rimu kwa pamba. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, kwa sababu mvuke wake unashika moto haraka. Ile asitoni ya saluni ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na maji na mafuta, itakuchosha bure.

Sponji iliyokuwemo ihesabu imekwenda. Ikipona, bahati.

Mpira na kimo

Ugumu wa mpira ndio wa kuangalia kabla ya sura ya kashata, yale meno ya mpira kwenye uso wa tairi. Bonyeza kashata kwa ukucha: ikizama na kurudi polepole, huo ni mpira laini wa mwamba. Ikikataa kuzama, hilo ni tairi la kuendeshea barabarani au la gari la kuanzia. Pro-Line, kwa mfano, huuza tairi lile lile kwa mpira tofauti: Predator ndiyo laini zaidi, G8 ni ngumu kidogo na inadumu. Kampuni hiyo hiyo hutoa nakala ndogo za matairi ya kweli kama Super Swamper ya Interco na Krawler ya BFGoodrich. Yanapendeza picha, na mengine yanashika kweli. Lakini nakala nzuri kwa macho si lazima iwe nzuri kwenye jiwe, na kashata za kina zilizokaa mbalimbali, ambazo kwenye tope zinafanya kazi, kwenye mwamba mkavu zinakupa mpira mdogo unaogusa.

Jiwe lako nalo lina neno. Kwenye granaiti ya Mwanza au Dodoma, iliyo kavu na yenye chembechembe kama msasa, mpira laini kabisa unaganda hadi unashangaa. Pwani, kwenye mwamba wa matumbawe, ncha zake ni kisu. Mpira laini utanyofoka kashata mojamoja mchana mmoja tu. Anayecheza Unguja au Kilwa ningemshauri mpira wa kati na kashata pana, ashike pungufu kidogo lakini matairi yamalize mwaka. Kwenye mawe ya mtoni yenye utelezi wa kijani hakuna mpira wa kukuokoa, hapo ni kutafuta mstari mwingine.

Kimo kikubwa kinavutia kila mtu. Ukitoka tairi la milimita 110 kwenda 120, ekseli inapanda milimita 5, na 5 hizo ni nyingi pale difu inapokwama juu ya jiwe. Lakini gari zima nalo limepanda milimita 5, kwa hiyo litapinduka mapema kidogo kwenye mteremko wa ubavu. Pia kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 9, na mota inabeba mzigo huo. Dawa yake ni kupunguza pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota: kama ilikuwa na meno 11, weka 10, utarudi karibu ulipokuwa. Kipande cha karatasi kati ya pinioni na gia kubwa kinakupa nafasi sahihi ya meno. Kaza mota, zungusha gia, karatasi itatoka imekunjamana bila kuchanika. Baada ya mchezo wa kwanza gusa mota. Isiposhikika kwa vidole kwa sababu ya moto, bado imelemewa.

Rimu

Rimu ziko za aina mbili kwa maana ya jinsi tairi linavyoshikwa: za kugandisha kwa gundi, na bidiloki, ambazo zina pete inayobana mdomo wa tairi kwa skrubu. Ushauri wangu hauna kona: nunua bidiloki. Gundi inakufungia mlango wa kugusa sponji, na sponji ndiyo utakayotaka kuigusa kila mara. Bidiloki za plastiki zipo kwa bei ya wastani na zinafanya kazi. Za alumini ni nzito zaidi, na kwenye krola uzito uliokaa chini kabisa ya gari ni faida, si hasara.

Angalia ofseti, yaani uso unaokaa kwenye heksi uko ndani au nje kiasi gani ukilinganisha na katikati ya rimu. Rimu inayosukuma tairi nje inapanua gari na kulituliza kwenye mteremko wa ubavu. Gharama yake iko mbele. Tairi likikaa mbali na kiungio cha usukani, ukikata kona halizunguki mahali pake bali linafagia nusu duara, linagonga bampa au madigadi, na kila jiwe linalogonga tairi linaivuta sevo, ile mota ndogo inayogeuza usukani, kwa wenzo mrefu. Sevo dhaifu itakufa. Kama unataka upana, ongeza milimita chache kila upande kwa heksi nene zaidi, jaribu, ndipo uamue kama unataka kuongeza. Hakikisha bado ncha ya ekseli inatokeza nje ya nati. Nailoni ya nati isipofikia nyuzi za ekseli, nati hiyo haijafungwa.

Sponji

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Sponji za kununua ziko za tabaka moja, laini kote, na za tabaka mbili: pete ngumu ndani isiyonyonya maji, na laini nje. Tabaka mbili ni bora kwa gari zito. Sehemu ya nje inafuata jiwe, ya ndani inazuia rimu kufika chini na ukuta wa tairi kukunjika gari likilala upande. Kwa gari jepesi, sponji ya tabaka moja iliyokatwa vizuri inatosha kabisa na ni rahisi.

Kabla ya kukata chochote, fanya jaribio hili. Funga gurudumu likiwa na sponji uliyonayo, weka gari na betri yake na bodi yake juu ya meza tambarare, kisha inama uangalie tairi kwa ubavu, jicho likiwa sawa na meza. Unatafuta mambo matatu. Je, ukuta wa tairi umefura kidogo pale chini, mkunjo mdogo mmoja? Vizuri. Umesimama wima kama hakuna mzigo? Sponji ni ngumu au kubwa mno, na uso wa tairi umevimba katikati kiasi kwamba kashata za pembeni hazigusi meza. Pitisha karatasi chini ya ukingo wa tairi: ikiingia hadi karibu na katikati, umepoteza nusu ya mpira uliolipia. La tatu, ukuta umejikunja na rimu inakaribia meza? Sponji ni laini mno au ndogo. Itakuangusha kwenye mteremko wa ubavu, na mchanga utaingia kwenye mdomo wa tairi.

Rudia jaribio kwenye ukingo wa tofali. Panda nusu ya upana wa tairi moja juu ya ukingo, bonyeza gari kidogo kwa kiganja. Tairi zuri linaufunika ukingo, unaona kashata zikishika upande wa juu na upande wa kusimama kwa pamoja. Tairi gumu linasimama kwenye kona kwa mstari mwembamba.

Likiwa gumu, kata. Toa sponji, iweke mezani, chora kwa kalamu alama nane kuzunguka ukingo wa nje kwa umbali sawa. Kwa mkasi mkali toa pembetatu ndogo kwenye kila alama, kina chake theluthi ya unene wa pete, usizidi. Rudisha, funga, rudia jaribio la meza. Bado gumu? Panua pembetatu kabla ya kuongeza idadi yake. Ukikata nyingi mno tairi linapata mabonde, na gari linatembea kwa kurukaruka kwenye mwendo wa polepole, jambo ambalo kwenye mwamba linakukatia mshiko ghafla. Njia nyingine ni kunyoa kingo za nje mbili za pete, zile zinazogusa pembe za tairi, ili sponji iwe ya mviringo. Hii inaruhusu ukuta kulala bila kudhoofisha katikati, na kwa matairi mapana ndiyo ninayoipendelea.

Mbele na nyuma si lazima zifanane. Gari likipanda, uzito unarudi nyuma na matairi ya nyuma yanabeba sehemu kubwa. Kwa hiyo mbele naacha laini zaidi na nyuma ngumu kidogo. Ukifanya kinyume gari litaketi kama mbwa kwenye kila mpando.

Asiyepata sponji za dukani aende kwa fundi sofa akaombe vipande vinavyobaki. Chukua ile sponji nzito inayorudi haraka ukiibonyeza. Ile nyepesi ya mito ya kulalia itakufa siku ya kwanza. Kata bamba lenye unene sawa na upana wa ndani wa tairi. Chora duara la nje kwa kipimo cha ndani ya tairi, na duara la ndani dogo kidogo kuliko rimu ili sponji iishike. Kisu cha kukatia makaratasi, kilichotolewa blade yote, kinakata vizuri ukivuta mara nyingi bila kukandamiza. Ukikandamiza, sponji inajikunja na duara linatoka na kiuno. Ukitaka tabaka la ndani la ngumu, zungushia rimu ukanda wa mkeka wa mazoezi, ule mzito usionyonya maji, kisha punguza pete ya nje ipasavyo. Kwa saa moja mezani una seti ya magurudumu manne.

Uzito

Krola inayopanda vizuri ina uzito mwingi mbele kuliko nyuma, na uzito huo uko chini. Hakuna mahali pa chini kuliko ndani ya rimu. Nenda kwa wanaobalansi matairi ya magari, nunua vile vipande vya kubandika vya gramu 5 na 10. Vingine ni risasi, vingine chuma, na sumaku itakwambia kipi ni kipi. Ukishika vya risasi nawa mikono kabla ya kula, na usiwape watoto wakusaidie.

Safisha mgongo wa rimu, pale katikati chini ya sponji, kwa spiriti. Acha ukauke kabisa. Bandika vipande kuzunguka kwa mpangilio sawa, kisha funga juu yake mizunguko miwili ya tepu ya umeme, maana gundi ya vipande hivyo haipendi maji. Kwa krola ya 1/10 mimi huanza na gramu 40 hadi 60 kila gurudumu la mbele na nyuma siweki kitu. Baadaye, kama gari linayumba kwenye mteremko wa ubavu, naongeza kidogo nyuma. Mwendo wa krola ni mdogo, kwa hiyo usihangaike na balansi ya gramu kwa gramu.

Ukizidisha utavunja. Kila gramu inayozunguka inasukumwa na gia za ekseli na viungio vya mbele, na sevo inaigeuza huku na huko. Kabla ya kuzidi gramu 100 kwa gurudumu, uliza kwanza kama ekseli zako ni za chuma au bado ni zile za plastiki zilizokuja na gari.

Kufunga bidiloki

Panga kila kitu kwenye sinia ili skrubu zisitoroke. Kwa kawaida ni za M2 au M2.5, ndogo kiasi kwamba zikianguka kwenye zulia ndiyo basi.

Ingiza sponji ndani ya tairi kwanza, si kwenye rimu. Izungushe kwa vidole hadi ikae bila kujikunja popote, pitisha kidole mzunguko mzima kwa ndani. Angalia mshale wa mwelekeo kwenye ubavu wa tairi na upange mawili ya kushoto na mawili ya kulia sasa hivi, maana kugundua baadaye kunaudhi. Kisha sukuma rimu katikati, ukipaka midomo ya tairi maji ya sabuni kidogo kama mpira unagoma.

Mdomo wa tairi una ukingo unaopaswa kuzama kwenye mfereji wa rimu. Usiweke pete kabla hujaona ukingo huo umezama mzunguko mzima. Weka pete, ingiza skrubu zote kwa mkono, nusu tu. Sasa kaza kwa kuruka upande wa pili kila mara, robo mzunguko kwa kila skrubu, ukizunguka tena na tena. Huku unakaza, tazama uwazi kati ya pete na rimu. Ukiwa mwembamba upande mmoja na mpana upande mwingine, mpira umekunjwa pale penye upana. Legeza, sukuma mpira ndani kwa ncha ya kijiti, kaza upya. Uwazi ukilingana kote, acha. Alenkii ya mkono inatosha. Drili ya betri itakula kichwa cha skrubu au nyuzi za plastiki kabla hujasema simama.

Skrubu inayoingia kwenye alumini iwekee tone la gundi ya skrubu ya buluu. Inayoingia kwenye plastiki usiiwekee, kwani gundi hiyo inapasua plastiki nyingi.

Mwisho vuta tairi kwa nguvu kwa mikono miwili, pande zote mbili. Likitoka mkononi, kwenye mwamba litatoka mapema zaidi.

Kama huna budi kutumia gundi

Kwangua sehemu ya rimu inayopokea mdomo kwa msasa laini, safisha mpira na rimu kwa spiriti. Vaa miwani. Kalisha tairi, vuta mdomo kidogo kwa kidole gumba, dondosha tone moja la supagluu nyepesi, achia na ushike kwa sekunde chache. Fanya hivyo sehemu nne zinazokabiliana, kagua kama tairi limenyooka, ndipo ujaze katikati. Gundi nyingi haisaidii, inamwagika kwenye ukuta na kuukausha hadi unapasuka. Usifute kwa pamba au kitambaa cha pamba: supagluu ikikutana na pamba hupata moto wa kuunguza ngozi.

Kwenye gari

Kabla ya kukaza nati hakikisha kipini kimekaa ndani ya heksi na heksi ndani ya rimu. Kaza hadi gurudumu halichezi, kisha zungusha kwa mkono. Shika tairi juu na chini, litikise. Mchezo ukitoka kwenye rimu, heksi imekula. Ukitoka kwenye ekseli, ni beringi.

Sasa weka gurudumu moja la mbele juu ya kopo lenye kimo cha sentimita kumi hivi, na la nyuma la upande wa pili juu ya kopo jingine, ili shokapu zijikunje kadiri ziwezavyo. Paka chaki kwenye kashata. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, badilisha makopo pande, rudia. Palipo na chaki kwenye bodi au bampa ndipo pa kukata. Bodi laini ya plastiki nyembamba inakatwa kwa mkasi uliopinda, kisha ukingo unalainishwa kwa msasa ili usianze ufa. Kama tairi linagusa fremu au mkono wa ekseli, usikate huko. Punguza mwisho wa usukani kwenye rimoti.

Kupima mabadiliko, chukua ubao mpana na simu yenye programu ya kupima mwinuko. Inua ubao upande mmoja kidogo kidogo, panda kila mara kwa kasi ile ile ya chini, andika pembe ambayo matairi yanaanza kuteleza. Kisha laza gari kwa ubavu wa ubao na uandike pembe ya kupinduka. Badilisha kitu kimoja tu kati ya kipimo na kipimo. Anayebadilisha sponji, uzito na rimu jioni moja hatajua kilichomsaidia, na hatajua cha kurudisha gari likiwa baya zaidi.

Kuchonga kashata

Hii ifanye kwenye matairi yaliyozeeka, au kwenye mpira mgumu uliokuja na gari, ambao hauna cha kupoteza. Wembe mpya, tairi likiwa na sponji ndani ili lisitoroke. Kata mstari mmoja katikati ya kila kashata kubwa, kuvuka upana wa tairi, kina chake nusu ya kimo cha kashata. Kashata sasa inajigawa na kujikunja juu ya chembe za jiwe. Kwenye matairi mengi hilo peke yake linaongeza mshiko unaoonekana kwenye ubao wa kupimia. Kwenye kingo za nje unaweza kuondoa kashata moja na kuacha moja, tairi lipate meno ya kung'ata kona za mawe. Usifike kwenye ngozi ya tairi yenyewe. Ufa ukianza hapo, hakuna supagluu itakayoushika muda mrefu. Kwa anayecheza matumbawe, kashata zilizochongwa ndizo zinazonyofoka kwanza, aache kabisa.

Maji, tope na kuhifadhi

Kama rimu ina matundu, maji yataingia, na sponji ikilowa gari linakuwa zito upande usioutaka. Wengine huziba kila tundu kwa tepu. Mimi sipendi: tairi lililozibwa linashikilia hewa, linakuwa gumu, na juani linavimba. Afadhali utoboe matundu mawili ya milimita 3 hadi 4 katikati ya uso wa tairi, yanayokabiliana, kwenye bonde kati ya kashata. Kitoboleo cha ngozi cha fundi viatu kinakata tundu safi lisiloanzisha ufa. Krola haina kasi ya kurusha maji yote, kwa hiyo ukitoka mtoni kamua kila tairi kwa kiganja, tundu likitazama chini.

Nyumbani osha kwa maji na sabuni ya kawaida. Usipake zile dawa za kung'arisha matairi ya magari, utakuwa umeteleza mwenyewe kwa hiari, na usisafishe kwa petroli. Anika kivulini. Baada ya mchezo wa maji ya chumvi fungua pete za bidiloki siku hiyo hiyo, suuza skrubu kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, tia tone la mafuta kwenye kichwa cha kila moja, la sivyo wiki ijayo utazitoboa kwa drili. Na gari likikaa bila kuchezwa, liinue kwa kipande cha ubao chini ya fremu ili matairi yaning'inie. Sponji laini ikilaliwa na gari zima muda mrefu inabaki na ubapa, na ubapa huo hautoki.